"Undeterminable": neno la Kiingereza lililobandikwa kwenye madini ya Masisi na Walikale

Ni neno ambalo hulisikii sokoni Rubaya, wala hulisikii Ndjingala, mahali ambapo njia ya msituni kutoka Bisie inakutana na barabara. Lakini kwa miaka kadhaa lilikaa katika kanuni za serikali ya Marekani, likiwa limeandikwa kwa ajili ya mawe yanayochimbwa Masisi, Walikale na maeneo mengine ya mashariki ya nchi yetu. Neno lenyewe ni "undeterminable".

Lilizaliwa rasmi tarehe 22 Agosti 2012 mjini Washington. Siku hiyo makamishna watano wa SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, walipiga kura juu ya kanuni za madini ya vita. Watatu walikubali, wawili walikataa. Kanuni hizo ziliitaka kila kampuni iliyoandikishwa katika masoko hayo, ikiwa bidhaa zake zinahitaji bati, tantali, tangsteni au dhahabu, ichunguze kama madini yake yanatoka Kongo au katika nchi inayopakana na Kongo. Baada ya uchunguzi, bidhaa ziliwekwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza liliitwa "DRC conflict free": madini yake hayakunufaisha kundi lolote lenye silaha. La pili lilikuwa la bidhaa ambazo hazikuthibitika kuwa hivyo. La tatu, kwa kampuni iliyotafuta ikashindwa kupata jibu, liliitwa "DRC conflict undeterminable". Fungu hili lilikuwa la muda tu, miaka miwili kwa kampuni kubwa na minne kwa kampuni ndogo.

Mpe mwanafunzi wa Kiingereza wa Goma neno hilo la mwisho, umwambie alitafsiri. Atakujibu, "haijulikani". Amepatia, na tatizo linaanzia hapo hapo.

Sheria iliyotangulia neno

Wengi wetu tunaikumbuka sheria yenyewe kwa jina la mtaani, "loi Obama". Barack Obama aliitia saini tarehe 21 Julai 2010. Ilikuwa sheria kubwa ya mabenki, yenye mamia ya kurasa, na kifungu chake cha 1502 ndicho kilichohusu Kongo. Wabunge wa Marekani walitaka kukata fedha zinazowafikia wenye bunduki kupitia simu na kompyuta.

Kabla hata kanuni hazijaandikwa, mambo yalibadilika huku. Septemba 2010, baada ya kufika Walikale, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Ndege ndogo zilizokuwa zikitua Kilambo, juu ya lami ya barabara yenyewe, zilikuwa zikileta bidhaa kutoka Goma na kurudi na kasiterite. Zilipokosa mzigo wa kurudi nao, zikaacha kuja, na sabuni na chumvi vikawa shida Walikale. Marufuku ilipoondolewa, viwanda vingi vya kuyeyusha vilikuwa tayari vimeanza kukataa madini ya Kongo yasiyo na etiketi. Rubaya ilisubiri etiketi hadi 2014.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba tunazungumzia sarufi ya darasani tu. Vivumishi hivi vilipokuwa vikichaguliwa Washington, kuna watoto wa Masisi waliokuwa wamekosa karo ya shule kwa sababu ya mambo hayo hayo.

Jiwe la mpaka

Tulifungue neno kama mnunuzi anavyofungua gunia, tuone kilichomo.

Katikati kuna "determine". Limetoka Kilatini, na ndani yake kuna neno "terminus", yaani mpaka. Warumi waliliita hivyo hata jiwe lenyewe linalosimikwa shambani ili kuonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi. "Determinare" ilikuwa kuweka mpaka, na baadaye ikawa kukata shauri, kuamua, kujua kwa hakika. Katika Masisi, ambako ugomvi wa mashamba ya malisho na ya kilimo umemwaga damu kwa vizazi, hakuna haja ya kueleza sana kwa nini watu wa zamani waliona kuweka mpaka na kujua kwa hakika kuwa kitu kimoja.

Mbele kuna "un-", kikanushi cha Kiingereza cha asili, kile cha Waingereza kabla ya kukutana na Kifaransa. Kilatini na Kifaransa hukanusha kwa "in-". Ndiyo maana kamusi zina pia "indeterminable", neno ambalo ni la Kilatini kuanzia kichwa hadi mkia. Wanasheria wa SEC walichagua lile la mchanganyiko.

Na nyuma kuna mkia wenyewe, "-able". Hiki ni kiambishi cha Kilatini, "-abilis" au "-ibilis", kilichopita katika Kifaransa kabla ya kufika Uingereza. Mwaka 1066 watu wa Normandie walivuka bahari wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa chao kikawa lugha ya wakubwa, ya mahakama na ya hati za ardhi. Hali hiyo sisi tunaijua vizuri: mtu analima kwa lugha moja na kushtakiwa kwa lugha nyingine. Maneno yenye mkia huo yaliingia Kiingereza kwa mamia. Baadaye Waingereza wakaanza kuufunga mkia huo hata kwenye vitenzi vyao vya nyumbani, vya kula na kunywa: "eatable", "drinkable". Leo unafungwa popote. Kitu cha intaneti kinachoweza kupakuliwa huitwa "downloadable", neno ambalo Mrumi angelikimbia.

Wengi hudhani mkia huu ni lile neno "able", yaani kuweza, lililobandikwa mwishoni. Sivyo. Hayo ni maneno mawili ya Kilatini yaliyofika kwa njia mbili, ila yamesikika pamoja muda mrefu hata Waingereza wenyewe wakayahesabu kuwa ndugu. Kwa maana hawajakosea sana. Ukiona "-able", jua kitu kinaweza kutendewa jambo fulani.

Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, mkia huu unaonekana rahisi, na hapo ndipo unatutega. Mkongomani huandika "responsable" hata katika Kiingereza, wakati Kiingereza kinataka "responsible", kwa i. Tena kwetu "responsable" ni mtu: unafika ofisini unauliza, "Responsable ni nani hapa?" Kwa Kiingereza huwezi kusema hivyo. "Responsible" ni sifa ya mtu, haiwi cheo chake. Kibali chako kikiwa "valable" kwa Kifaransa, maana yake bado kinatumika. "Valuable" ya Kiingereza ni kitu cha bei kubwa, na kibali kinachotumika huitwa "valid". Kijana mmoja akiandika katika barua ya kuomba kazi kwamba yeye ni mtu "sensible", akifikiri amesema ana moyo mwepesi wa kuguswa, Mwingereza atasoma kwamba ana busara. Hapo angalau kosa linamsaidia.

Halafu kuna malori ya mafuta. Lori la Kongo limeandikwa "INFLAMMABLE". Yanayotoka upande wa Mombasa, mengi yameandikwa "FLAMMABLE". Maana ni moja: linashika moto. "In-" ya hapa si kikanushi, ni "ndani", kama kutia moto ndani ya kitu. Lakini Waamerika waligundua kwamba watu wao wanasoma "inflammable" wakielewa "haishiki moto", na wataalamu wao wa zimamoto wakahimiza silabi ya kwanza ikatwe. Huo ndio mfano bora ninaoujua wa silabi moja inayoweza kuua mtu.

Kuhusu lini huandikwa "-able" na lini "-ible", usipoteze usiku wako. Inategemea kitenzi cha Kilatini kilikuwa cha kundi gani, jambo ambalo hata Mwingereza wa kawaida halijui. Maneno mapya yote huchukua "-able". Yale ya zamani yenye "-ible", kama "possible", "visible", "edible", hukaririwa tu.

Sisi tuna -ika

Kiswahili hakikuhitaji kukopa mkia huu. Tunao wetu, tena tunaufunga kwenye kitenzi bila kukitoa katika ukoo wa vitenzi. Muhogo mchungu wa Walikale ukitoka shambani haulikiki ovyo. Ukilowekwa siku kadhaa ukakaushwa, unalika. Maji ya mto baada ya mvua hayanyweki. Barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi hadi Walikale, msimu wa mvua, haipitiki. Mwandiko wa daktari hausomeki. Haiwezekani, au kama wengi wetu hapa tunavyosema, haiwezekane.

Mwalimu wa Kiingereza angeweza kuanza somo hapo: "-able" ni -ika yao. Angeeleweka kwa dakika tano. Lakini ingebidi aongeze onyo, kwa sababu -ika yetu inabeba mizigo miwili. Nikisema "dirisha hili linavunjika", nasema ni jepesi, linaweza kuvunjwa. Nikisema "dirisha limevunjika", limekwisha kuvunjwa, vipande viko chini. Kiingereza hutenga mambo hayo: la kwanza ni "breakable", la pili ni "broken".

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu wa Goma na "haijulikani" yake. Neno hilo nalo lina mizigo miwili. Ukisema asili ya madini haijulikani, unaweza kumaanisha kwamba kwa sasa hakuna anayeijua. Unaweza pia kumaanisha kwamba haiwezi kujulikana kabisa, hata ukitafuta. Kiingereza kina maneno mawili hapo. "Undetermined" ni kitu ambacho hakijajulikana; kesho huenda kikajulikana. "Undeterminable" ni kitu kisichoweza kujulikana. Kiswahili nacho kinaweza kutenga, kwa njia yake, kwa ile "-ja-" ambayo ndani yake kuna "bado". Haijajulikana: bado tunatafuta. Haijulikani: mlango unaweza kuwa umefungwa.

Kampuni iliyoandika barua mbili tatu kwa wauzaji wake, ikakosa jibu, ilikuwa na haki ya kusema "haijajulikana". Kanuni za 2012 ziliiruhusu kusema jambo kubwa zaidi. Ziliipa mkia wa "-able", na mkia huo huhamisha kasoro kutoka kwa anayetafuta kwenda kwa kinachotafutwa. Ukisoma haraka unaelewa kwamba jiwe ndilo lenye siri.

Bisie ilikuwa inajulikana

Siri gani? Kasiterite ya Bisie ilianza kuchimbwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapakuwa na barabara. Watu walibeba magunia mgongoni na kichwani, zaidi ya kilomita 40 za msitu na matope, hadi Ndjingala. Kutoka hapo mzigo ulikwenda Kilambo, ukapanda ndege, ukashuka Goma. Njia ilikuwa moja, na vizuizi vilivyokuwa juu yake kila mbebaji alivijua, maana alivilipia.

Desemba 2008 ilichapishwa ripoti ya kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyosema wazi kwamba Bisie ilikuwa mikononi mwa brigedi ya 85, kikosi cha jeshi la serikali ambacho hakikuwa kimechanganywa na vingine, na kwamba kilitoza ushuru wachimbaji na wabebaji. Mwaka 2009 wakaja wanajeshi wengine kushika nafasi ile ile. Haya yalichapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa miaka karibu minne kabla ya ile kura ya Washington. Anayetaka kusema kwamba habari za Walikale hazikuweza kupatikana, aseme kwanza alizitafuta wapi.

Najua jibu la kampuni, na si jibu la kijinga. Kutoka gunia la Bisie hadi simu ya mkononi kuna mikono mingi: mnunuzi wa machimbo, nyumba ya kuuza nje ya Goma, msafirishaji, kiwanda cha kuyeyusha barani Asia, mtengeneza vifaa, muunganishaji. Kiwandani mawe ya nchi mbalimbali huyeyushwa pamoja, na bati ikishayeyuka haina kabila. Kampuni ya California inayonunua vipande elfu kutoka kwa wauzaji mia kweli inapata taabu. Lakini taabu hiyo iko njiani, na njia hiyo ilijengwa na wanunuzi. Jiwe lilipotoka shimoni Walikale, asili yake ilikuwa inajulikana.

Ripoti za kwanza zilitakiwa zifike SEC ifikapo tarehe 2 Juni 2014. Kampuni zaidi ya 1,300 zilipeleka. Wakaguzi wa bunge la Marekani walipozipitia walikadiria kwamba karibu theluthi mbili ya kampuni hizo zilisema zimeshindwa kujua madini yao yanatoka nchi gani.

Kesi ya maneno

Kabla ripoti hizo hazijafika, neno letu lilikuwa limekwisha kupelekwa mahakamani pamoja na wenzake. Umoja wa wenye viwanda wa Marekani na vyama vingine vya wafanyabiashara waliishtaki SEC. Amnesty International iliingia kesini kuitetea kanuni. Kati ya pande za kesi hakukuwa na mchimbaji wa Rubaya wala mbebaji wa Bisie.

Tarehe 14 Aprili 2014 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua. Wajibu wa kuchunguza na kutoa ripoti ulibaki. Kilichoanguka ni jina: serikali, walisema majaji, haiwezi kuilazimisha kampuni kuandika kwamba bidhaa zake hazikuonekana kuwa "conflict free", maana huko ni kuilazimisha ikiri kwamba mikono yake ina damu, na katiba ya Marekani inalinda uhuru wa mtu kusema na wa kutosema. Tarehe 29 mwezi huo huo SEC ikatangaza kwamba hakuna kampuni inayolazimika kutumia majina hayo, na "undeterminable" likiwamo. Agosti 2015 mahakama ilirudia uamuzi wake.

Kwa hiyo neno hilo lilikuwa limepoteza nguvu yake ya lazima kabla ripoti ya kwanza haijafika mezani. Nalisoma shauri hilo na kushangaa kidogo. Majaji walipima kwa makini sana uzito wa kivumishi kikimwangukia mwenye kiwanda. Uzito wa kivumishi hicho hicho kikiangukia mji wa wachimbaji, ambao mnunuzi anaukwepa kwa sababu jina la nchi yake limeambatanishwa na neno "vita", haukuwa sehemu ya swali walilopelekewa.

Jiwe halijibu

Maneno mengine yalishika nafasi. Mwaka 2017 ule mpango wa kampuni za teknolojia uliokuwa ukijiita wa madini yasiyo na vita ulibadili jina ukawa Responsible Minerals Initiative. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021 nayo inataka ununuzi ulio "responsible". Na kwenye magunia, neno kubwa likawa "traceable".

"Responsible" limetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kujibu. Mtu "responsible" ni yule anayeweza kuulizwa akajibu. Katika Kiswahili "jibu" na "wajibu" zinasikika kama ndugu pia, ingawa katika Kiarabu zilikotoka mizizi yake ni tofauti. Lakini tazama kilichotokea: sifa ya mtu imevikwa jiwe. "Responsible minerals". Koltani haiulizwi wala haijibu. Anayeweza kujibu ni mnunuzi, askari wa kizuizini, mwenye kibali, waziri aliyetia saini. Kivumishi kimewaruka wote kikakaa juu ya gunia.

"Traceable" ni kitu kinachoweza kufuatiwa nyayo. Utaratibu wa ITSCI, ulioanzishwa na wenye viwanda vya bati, ni wa etiketi za plastiki zenye namba. Moja hufungwa machimboni, nyingine kwa mnunuzi, na namba zote huandikwa daftarini. Ni kazi ngumu, na wako watu waliyoifanya kwa uaminifu katika mvua ya Masisi kwa mshahara mdogo. Ila kinachofuatilika hapo ni etiketi. Gunia linafuatilika tangu pale lilipofungwa etiketi, si tangu shimoni, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara kadhaa etiketi zikiuzwa na kufungwa kwenye madini ya mahali pengine.

Mkia huu hufanya kazi hiyo hata nje ya migodi. Mkimbizi aliyetoka Masisi na watoto na godoro anaandikwa katika orodha ya "vulnérables", kwa Kiingereza "vulnerable". Neno limetoka "vulnus", jeraha. Ni mtu anayeweza kujeruhiwa. Mama aliyekimbia kijiji chake kikiungua anajua ni nani aliyemjeruhi, na angekuambia ukimuuliza. Fomu haina nafasi ya jina hilo. Ina nafasi ya idadi ya watoto. Siwalaumu wanaoandika orodha, chakula lazima kigawanywe kwa namna fulani. Nasema tu kwamba "-able", kama -ika yetu, haitaji mtendaji. Barabara haipitiki, tunasema, na mara nyingine sababu ni matope, mara nyingine ni kamba iliyofungwa kutoka mti huu hadi ule na kijana mwenye bunduki pembeni.

Bisie ya leo si ile ya wabebaji. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba huko kwa mashine na kutoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia nzima. Machi 2025, M23 waliposogea kuelekea Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi tarehe 13. Waasi walipoondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili, kazi ilianza tena mwezi huo huo. Habari za kusimamishwa kwa kazi zilipofika sokoni London, bei ya bati ilipanda. Asili ya jiwe ilijulikana vizuri, kwa sababu safari hii kulikuwa na watu wenye fedha waliotaka kuijua.

Rubaya ni habari nyingine. M23 waliuchukua mji huo mwishoni mwa Aprili 2024, na ITSCI ikasimamisha kazi zake Masisi. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Desemba 2024 ilitaja hata fedha: karibu dola 800,000 kwa mwezi za ushuru wa koltani. Iliandika pia kwamba madini hayo yalivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko, jambo ambalo Kigali imelikanusha siku zote. Kwa maelezo ya wataalamu hao, jiwe la Rubaya likishavuka mpaka na kumwagwa pamoja na mengine, huuzwa kama jiwe la upande wa pili. Gunia linafungwa upya, linapata etiketi, na namba iliyo juu yake inasomeka vizuri.